Kitambaa Kwenye Kishikio cha Sufuria

Vuta kiti, mwanangu, na hiyo simu iweke kifudifudi kidogo. Nakumbuka asubuhi moja ambayo nilimtwisha mwanamke asiye na hatia kosa langu mwenyewe, tena kwa sauti ya upole kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka hapa Mkuza, Kibaha. Yeye alikuwa Msimbu, ndani ndani Kisarawe, amesimama mbele ya jokofu la chanjo. Kama nawe unaandika programu yenye lugha mbili ndani yake, habari hii inakuhusu. Kama huandiki, kaa tu, hutaondoka mikono mitupu.

Sasa nakaribia hamsini. Kwingine huo si uzee, lakini katika kazi ya programu mimi ni bibi yenu, na ninyi wenyewe ndio mnaoniambia. Wakati huo nilikuwa na thelathini na kidogo. Nilikuwa nimeacha ualimu wa hesabu, na katika kazi hii mpya nilikuwa na miaka miwili tu. Mtoto wa miaka miwili unamjua: ameshajua kukimbia, bado hajajua kusimama.

Karakana yetu ilikuwa na watu wanne. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Kondo, mwenyeji wa Kisarawe. Alianza kwa kutengeneza redio, akajifunza programu peke yake kwa vitabu vilivyochanika majalada. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikuuliza swali, ujue jibu analo.

Tulipewa kazi ya zahanati moja ya Msimbu. Walikuwa wamepata jokofu la umeme wa jua la kuhifadhi chanjo. Chanjo, mwanangu, zinataka kukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Joto likizidi zinaharibika, na baadhi yake zikiganda zinaharibika vilevile, na ukiitazama chupa hivi hivi huoni kitu. Kwa hiyo tuliweka kipimo ndani ya jokofu, na simu ukutani. Kipimo kinaipelekea simu habari, simu inaonyesha nyuzi ni ngapi, na mambo yakienda mrama inapiga kelele.

Programu ya simu ile ilikuwa na lugha mbili, nasema lugha za kuandikia programu. Sehemu ya kioo, yaani maandishi, rangi na vitufe, niliiandika mimi kwa Java. Sehemu ya hesabu ilikuwa ya C++, ambayo Mzee Kondo aliiandika miaka ya nyuma kwa mashine nyingine, na ilikuwa nzuri mno kuitupa. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha.

Hapa nisikilize taratibu, maana ndipo penye kisima. Lugha hizi mbili ni nyumba mbili zenye desturi tofauti. Nyumba ya Java ina mfagiaji. Wewe unatumia vitu, unaviacha, naye anapita kwa wakati anaoutaka mwenyewe. Kila kitu anachoona hakishikwi na mtu yeyote humo ndani, anakizoa na kuipa nafasi yake kazi nyingine. Nyumba ya C++ haina mfagiaji. Ulichokileta utakitoa kwa mkono wako, usipokitoa kitakaa humo mpaka nyumba ijae. Kila nyumba na taratibu zake, na wenyewe wanaishi vizuri. Taabu inaanza pale kitu cha nyumba hii kinapotumika nyumba ile.

Kila kipimo kina upotofu wake mdogo, kwa hiyo huja na jedwali la namba arobaini za kukisahihisha. Jedwali hilo lilisomwa upande wa Java. Mimi nikachukua anwani yake, yaani mahali lilipo ndani ya kumbukumbu ya simu, nikaipa C++, nikasema moyoni: nimekabidhi. Nilikolelewa mimi, Singida, ukimwekea mtu kitu mkononi yamekwisha, ni chake, na kumfuatafuata ni kumtukana. Basi nikaondoka upande wa Java, nikaliachia jedwali. Sikujua kwamba sikuwa nimekabidhi chochote. Nilikuwa nimemwelekeza mtu nyumba, kisha nikamwacha mwenye nyumba abomoe.

Niliijaribu programu dakika kumi, ikaenda vizuri. Mzee Kondo akaja nyuma yangu.

"Umeiacha iwake siku nzima?"

"Inafanya kazi, mzee."

"Sijakuuliza kama inafanya kazi."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa wazee. Wiki hiyo hiyo tukaifunga Msimbu.

Wiki ya tatu simu ikaita. Alikuwa Sista Felista, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa kule kutoka bara na kupapenda akabaki.

"Dada Neema, mashine yako inasema hasi nne. Kipimajoto changu cha kioo kinasema tano."

"Hicho cha kioo ni cha zamani, Sista."

"Cha zamani, lakini hakijawahi kunidanganya."

"Labda kuna mtu amechezea kitufe cha ubaridi. Angalieni vizuri."

"Nani achezee? Chumba nakifunga, ufunguo nalala nao."

"Basi labda wakati wa kufanya usafi," nikasema, nikamtakia kazi njema.

Angalia nilivyofanya, mwanangu. Sikusema uongo. Nilisema "labda". Lakini "labda" ya mtaalamu ikifika kwa watu huwa imeshaota mifupa. Sista alitoa taarifa wilayani kama kazi yake inavyomtaka, na msimamizi wa chanjo akafanya lililo sahihi: akaamuru chanjo zile zisitumike, na kwamba atakuja Jumatano alasiri kuzichukua. Aliuliza sababu, akaambiwa mwenye programu anahisi kitufe kimechezewa. Basi akamtaka Sista aandike barua ya kujieleza.

Jumatano asubuhi Sista akanipigia tena. Hakunipandishia sauti. Laiti angenipandishia.

"Dada Neema, kesho Alhamisi ni siku ya kliniki. Akina mama wanatoka mbali na watoto mgongoni, na mimi nitawarudisha. Hilo nitalibeba. Lakini nimeambiwa nijieleze. Naomba uniambie nijieleze nini."

Mzee Kondo alikuwa meza ya pili, ameacha kazi anasikiliza. Nilipokata simu akaniuliza:

"Hicho kitufe ulikiona kikichezewa?"

"Hapana, mzee."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Lakini inaweza kumvunja mguu mpita njia." Akasimama, akachukua kofia yake ya pikipiki. "Beba kompyuta yako. Tunakwenda."

Tulifika Msimbu kabla ya adhuhuri, Sista akatupokea kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, poleni na kazi," akatuletea maji. Mimi aliniambia karibu dada, akanipa kiti kizuri kuliko alichokalia yeye. Kiti kile kilinichoma.

Mzee Kondo akaitoa simu ukutani, akaanza kupitia namba zilizohifadhiwa. Hasi nne. Hasi nne. Hasi nne. Akanionyesha.

"Jokofu gani hili, saa nzima halitikisiki hata nukta? Hata maiti hupoa kidogo kidogo." Kisha akamgeukia Sista. "Mwanangu, kabla haijaanza kusema hivi, simu hii ulikuwa unaitumia kufanyia nini?"

"Napiga picha kadi za watoto, mzee. Kadi zinalowa mvua, zinaliwa na panya, basi nabaki na nakala."

Tukaizima, tukaiwasha. Nyuzi tano na nukta moja, sawa na kile kipimajoto cha kioo. Sista akaanza kupiga picha: kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kadi ya saba namba ikaruka: hasi nne, ikaganda pale pale. Jokofu lilikuwa zima. Mgonjwa alikuwa programu yangu.

Lakini kujua kidonda kilipo si kujua dawa yake. Nilikaa kwenye benchi na kompyuta mapajani, nikasoma mstari baada ya mstari, na kila mstari ulinitazama kwa uso wa mtu mwema. Saa ilikuwa inakwenda. Alasiri msimamizi angefika na sanduku lake la barafu. Mzee Kondo akaja akaifunika kompyuta yangu kwa kiganja.

"Hapo jirani kuna harusi ya kesho, wanatayarisha. Shangazi yangu Bi Tatu ndiye mwangalizi wa vyombo. Nenda kamsalimie, akupe chai. Na uvitazame vyombo vyake."

"Mzee, muda hatuna."

"Ndiyo maana nakutuma."

Nikaenda nikiwa nimenuna. Uani kwa jirani kulikuwa na mafiga kama kumi, sufuria kubwa zimetandazwa, na wanawake wanachambua mchele huku wakimsema bwana harusi, kwamba ana miguu mirefu kuliko mahari yake. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye kibao, ana upawa mkononi kama askari mwenye kirungu. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kibao kingine.

Sufuria zile, mwanangu, hazikuwa za nyumba ile. Zilikusanywa kijiji kizima. Kila moja ilikuwa na alama ya rangi kwenye kitako chake, kijani, nyekundu, nyeupe, ili mwenyewe ajulikane. Lakini baadhi zilikuwa na kitu kingine: kipande cha khanga kuukuu kimefungwa kwenye kishikio. Kabla sijauliza, akaingia binti mmoja kwa haraka.

"Bi Tatu, nimeifuata sufuria yangu. Nimefikiwa na wageni nyumbani."

"Ipo motoni. Kitambaa hukioni?"

"Lakini si yangu ile?"

"Nani kasema si yako, Zuhura? Yako, na kitako chake cha kijani ni chako. Ila ndani mna maharage ya watu. Ukibeba sufuria, maharage tuyamimine wapi, kwenye viganja vyako?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Aende nayo na maharage yake, awalishe hao wageni!" mmoja akasema. Zuhura naye akacheka, akapewa nyingine isiyo na kitambaa, akaondoka.

Nikamuuliza Bi Tatu habari za vile vitambaa. Akanieleza bila kuacha kukoroga.

"Sufuria ina mwenyewe, na ina anayeipikia. Hao si mtu mmoja. Anayepika ndiye anayefunga kitambaa, kabla hajaweka moto. Kikishafungwa, hata mwenyewe akija hachukui. Mpishi akimaliza, anafungua yeye kwa mkono wake. Simfungulii mimi, hafunguliwi na mtoto wake."

"Na asipofungua?"

Akaelekeza upawa ukutani, ambako sufuria moja ilikuwa imefunikwa kichwa chini, kitambaa kimepauka kwa jua. "Ile ndiyo jibu lako. Aliyeifunga aliipikia hitima, akaenda Mlandizi kwa dada yake, hajarudi mwezi wa pili huu. Hakuna wa kuigusa. Mwenyewe anazunguka kuazima majirani, na yake ipo pale inatazama ukuta."

"Na vijiko, Bi Tatu? Navyo mnavifungia?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kijiko nikifungie kitambaa? Kila mpishi anakuja na chake, mwanangu. Kitu kidogo usikiazime, kuwa nacho."

Mwanangu, pale pale kibaoni nilisimama bila kuaga. Adabu ilinitoka, na Bi Tatu alinisamehe baadaye. Jedwali langu lilikuwa sufuria ya Java. C++ alikuwa amelipikia bila kitambaa. Siku zote tumbo la simu likiwa tupu, mfagiaji hakuwa na haraka, na mimi nikadhani mambo ni mazuri. Sista alipopiga picha nyingi, simu ikakosa nafasi, mfagiaji akapita. Akaliona jedwali halishikwi na mtu yeyote wa Java, kwa sababu anaowajua yeye ni wa nyumba yake tu. Aliyeko nyumba ya pili hamwoni. Akalizoa. Mahali pale pakabaki sifuri tupu, na C++ akaendelea kuchota kwenye anwani ile ile kwa uaminifu, akizidisha kila kipimo kwa sifuri, akibaki na ile hasi nne tu ambayo hesabu yake huijumlisha mwishoni.

Nilirudi mbio. Mzee Kondo akaniuliza, "Umekunywa chai?"

"Sikunywa."

"Basi umeona."

Dawa yenyewe ilikuwa mistari michache. Namba arobaini ni kijiko, si sufuria. Nikaiandika C++ ichukue nakala yake yenyewe siku ya kwanza, iiweke kwake, na iitupe yenyewe siku kipimo kinapofungwa. Kisha nikatafuta kwingine. Nikakuta mahali pengine C++ inashika kitu kikubwa cha Java, yaani orodha nzima ya vipimo vya mwezi, ambacho kukinakili kila mara ni kuichosha simu bure. Hapo nikafunga kitambaa: nikaiambia Java waziwazi kwamba kitu hiki kinashikwa na upande wa pili, na mahali kazi inapokwisha nikaandika mstari wa kukiachilia. Mzee Kondo akasoma. Akauliza, "Na kazi ikikatika katikati kwa hitilafu, nani anafungua?" Sikuwa nimefikiria. Nikaongeza na hiyo.

Sista akapiga picha kadi arobaini. Namba ikacheza tano na moja, tano, tano na mbili, ikitikisika kama kitu chenye uhai.

Msimamizi alifika na sanduku lake. Nilikuwa nimejipanga kueleza mambo ya kumbukumbu na wafagiaji, lakini nilipofungua mdomo nikaona kwamba hilo si la kwanza.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilisema kitufe kimechezewa na sikuwahi kukiona. Sista hakukosea popote. Programu yangu ndiyo iliyodanganya, na nitakuonyesha inavyodanganya."

Nikamrudishia programu ya zamani mbele ya macho yake, nikamwonyesha picha ya saba. Tukalinganisha saa: kila hasi nne ilianza mara tu baada ya picha za kadi, na kila ilipozimwa na kuwashwa ilipona. Alikuwa mtu makini, hakuridhika na maneno. Akafanya na kipimo chao cha kutikisa chupa, cha kujua iliyowahi kuganda, akasubiri, akatazama. Mwishowe akafunga sanduku lake likiwa tupu.

"Kliniki iendelee kesho," akasema. "Sasa ile barua?"

"Nilikuwa nimefika mstari wa tatu," Sista akajibu. "Nimpe Neema aimalizie?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa machozi. Lakini sikuuacha uwe utani. Nilichukua karatasi safi, nikaiandika barua ile ya kujieleza kwa jina langu, nikaweka saini. Mficha uchi hazai, na anayeficha kosa lake hazai ujuzi.

Alhamisi mchana Sista alinipigia. Hatukuweza kusikilizana vizuri, kwa sababu nyuma yake watoto walikuwa wanalilia sindano, mmoja akimwanzishia mwenzake. "Unawasikia?" akaniuliza. "Nawasikia," nikasema. Sijapata kupewa shukrani nzuri kuliko kelele zile.

Mzee Kondo ametangulia mbele ya haki. Namshukuru kwamba hakunipa jibu akiwa nalo, na kwamba hakuniaibisha mbele ya mtu niliyemwonea. Namshukuru Bi Tatu na upawa wake. Sista Felista ndiye ninayemshukuru zaidi, kwa sababu aliniamini tena. Mpaka leo tunatembeleana.

Sasa shika haya, mwanangu. Lugha mbili zikikaa programu moja, kila kitu kinachovuka mpaka kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Kitu kidogo kinakili, kila upande uwe na chake. Kitu kikubwa kiazimwe, lakini azimo liandikwe: lianze kwa mstari unaoonekana na limalizike kwa mstari unaoonekana, hata kazi ikiharibika njiani. Usimwachie mfagiaji wa nyumba moja kazi ya kufungua vitambaa vya nyumba ya pili, maana hajui vipo, na hata akijua hana haraka yako. Na usiruhusu pande mbili zifungiane kila mmoja sufuria ya mwenzake, zikae zinasubiriana; hapo hakuna atakayefungua, na nyumba itajaa kimyakimya. Ukiijaribu programu, ijaribu kwenye simu ndogo iliyochoka, iliyojaa picha za watu, siku nzima. Na namba ikienda vibaya, anza kwako kabla ya kumnyooshea kidole anayeitumia. Yeye yuko karibu na jokofu kuliko wewe.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, akujalie wakubwa wa kukuuliza maswali mazito, na watu wa kukusamehe utakapoyajibu vibaya. Kazi yako iwe baraka kwa usiowajua.

Leo, kabla hujafunga kompyuta, tafuta kila mahali lugha yako moja inapoipa nyingine anwani. Juu ya kila mstari huo andika mambo matatu: mwenyewe ni nani, anayeazima ni nani, na kinaachiliwa wapi. Utakaposhindwa kuandika la tatu, anza kurekebisha hapo.